Sheria ya Jukwaani na Sheria ya Kitabuni: Kijitabu cha Elimu kwa Umma juu ya Haki ya Mwanamke Aliyedhulumiwa

KWA MSOMAJI

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya raia wa Kenya asiyekuwa mwanasheria, na hasa kwa mwanamke aliyefikwa na dhulma mwilini mwake au nyumbani mwake, kisha, kabla hajauona uso wa hakimu wala kushika karatasi yoyote ya kituo cha polisi, akawa amekwisha kuambiwa na watu wa siasa, kwa vipaza sauti vyao na kwa vinywa vya wapambe wao, sheria inasema nini, mahakama ni ya nani, na kwamba yeye huko hana lake. Maneno hayo aghalabu hayana sura wala kifungu katika kitabu chochote cha sheria. Lakini kwa kuwa yamesemwa hadharani na mtu mwenye cheo, na yakarudiwa msikitini, kanisani, kwenye matatu na kwenye vibaraza vya kahawa, huwa na nguvu kuliko sheria yenyewe, na mwenye kudhulumiwa hukaa kimya kwa kuitii sheria ambayo haijapata kutungwa.

Hatusemi kwamba kila mwanasiasa ni mwongo, kwani sheria tutakazozitaja humu zilipita mikononi mwa wanasiasa hao hao Bungeni, na wako waliozipigania hata wakatukanwa; wala hatusemi kwamba mahakama zetu ni maasumu, maana kucheleweshwa kwa kesi na rushwa ya makarani ni mambo ayajuayo kila aliyepata kukalia mabenchi yake. Tunalolisema ni hili: kila mara sheria au mahakama inapofanywa kuwa hoja ya jukwaani, mazungumzo huondolewa kwa aliyedhulumiwa yakapelekwa kwa kabila, au kwa dini, au kwa heshima ya wanaume, au kwa uhuru wa taifa, na yule mwanamke ambaye jambo lilianza naye huwa hatajwi tena. Tutaonyesha jinsi hayo yalivyotukia katika nyakati tatu za karibuni, na papo hapo tutayarudisha maandishi ya sheria mahali pake.

MAHAKAMA YA THE HAGUE NA WANAWAKE WALIOACHWA NYUMA

Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa mwishoni mwa Disemba 2007, nchi ilipasuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo ilitoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na ikatenga sura nzima ya ripoti hiyo kwa ajili ya wanawake na wanaume waliobakwa na kutendwa unyama mwingine wa aina hiyo, ama na magenge ya vijana, ama na majirani, ama na watu waliovaa sare za serikali. Wengi wao hawakwenda polisi, na sababu yao ilikuwa nyepesi kufahamika: mwenye kubakwa na mtu mwenye sare atamshtaki kwa nani?

Tume ya Waki ilishauri kwamba iundwe mahakama maalumu humu humu nchini, na kwamba hiyo isipoundwa, majina ya washukiwa yapelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, Uholanzi. Februari 2009 Bunge liliukataa mswada wa mahakama hiyo ya nyumbani, na miongoni mwa waliousukuma chini walikuwamo wabunge waliosimama wakasema kwa sauti kuu kwamba mahakama za Kenya haziaminiki na heri kwenda Uholanzi. Lakini Disemba 2010, mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo alipotaja majina ya Wakenya sita, wimbo uligeuzwa ndani ya wiki moja: mahakama ile ile iliyokuwa kimbilio ikawa mahakama ya wakoloni, chombo cha wazungu cha kuwawinda Waafrika, na kabla mwezi haujaisha Bunge likapitisha hoja ya kutaka Kenya ijitoe katika mkataba wake.

Hapa ndipo panapohitaji kusomwa kitabu. Mkataba huo, yaani Mkataba wa Roma, uliotungwa 1998 na kuanza kazi Julai 2002, haukuletwa Kenya kwa merikebu ya mtu. Kenya iliuridhia kwa hiari yake Machi 2005, na Bunge la Kenya likatunga Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kimataifa ya mwaka 2008 ili kuuingiza mkataba huo katika sheria za nchi. Kadhalika mkataba wenyewe unasema kwamba mahakama hiyo huingia pale tu ambapo dola yenyewe haitaki, au haiwezi kwa dhati, kuchunguza na kushtaki. Kwa hiyo hakimu wa kwanza wa kadhia hii alikuwa hakimu wa Kenya, na ufunguo wa kumzuia wa The Hague asiingie ulikuwa mfukoni mwa Bunge lile lile lililoukataa mswada.

Katika mashtaka ya Uhuru Kenyatta, mmoja wa wale sita, ambaye alichaguliwa kuwa Rais Machi 2013, ubakaji ulikuwa mojawapo ya makosa yaliyotajwa. Naye aliyakana mashtaka yote, na Disemba 2014 mwendesha mashtaka akayaondoa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, huku akiilaumu serikali ya Kenya kwamba haikushirikiana naye. Mashtaka ya William Ruto, mwenzake katika sita hao, ambayo ubakaji haukuwamo, yalifutwa na majaji wawili kati ya watatu Aprili 2016. Siku zile zilifanywa sherehe za shukrani, na kwenye majukwaa ikasemwa kwamba mahakama imewaona hawana hatia. Insafu inatutaka tuseme mambo mawili kwa pamoja: kwanza, kwamba mtu ambaye hakutiwa hatiani ni mtu asiye na hatia mbele ya sheria, na hapana ruhusa ya kumwita vingine, na pili, kwamba kufutwa kwa kesi si sawa na kuachiliwa baada ya kusikilizwa, kwani majaji walisema wazi kwamba uamuzi wao hauzuii mashtaka kufunguliwa tena siku za mbele, na mmoja wao alieleza kwamba mwenendo wa kesi uliharibiwa kwa kuingiliwa mashahidi na kwa mashinikizo ya kisiasa. Anayewaambia watu kwamba neno la The Hague ndilo lililomaliza yote, na kwamba hata wale waliobakwa wamekwisha kujibiwa, amesema jambo lisilokuwamo katika hukumu yoyote.

Maana walikuwa hawajajibiwa. Machi 2015 Rais aliomba radhi Bungeni kwa madhila yaliyopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafariji waliodhulumiwa, na hilo tunalishukuru. Lakini tangazo si malipo. Walioufikia mlango wa haki walijipeleka wenyewe. Mwaka 2013 waathiriwa wanane, wanawake sita na wanaume wawili, pamoja na mashirika ya kutetea haki, walifungua shauri Mahakama Kuu ya Nairobi, wakidai kwamba serikali ilikosa kuwalinda na kisha ikakosa kuchunguza waliyotendwa. Walingoja. Tarehe 10 Disemba 2020, takriban miaka kumi na tatu tangu walipotendwa hayo, mahakama ikaamua kwamba wanne kati yao walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja, na wanne wengine hawakupata kitu.

Msomaji asilipite shauri hili haraka, kwa sababu limo ndani yake fundisho ambalo halijapata kutangazwa jukwaani: kwamba mbali na haki ya kuona mbakaji amefungwa, mwanamke anayo haki nyingine inayosimama peke yake, nayo ni haki ya kuchunguziwa. Askari akikataa kuandika, akalala juu ya jalada, au akamwambia arudi Jumatatu mpaka Jumatatu zikaisha, serikali yenyewe yaweza kusimamishwa kizimbani. Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imekwisha kusema hivyo kabla, Mei 2013, katika shauri la watoto wa kike walionajisiwa, ambao jamaa zao walilalamika kwamba walipokwenda vituoni waliambiwa watoe fedha za mafuta ya gari, na wengine hawakuandikiwa chochote. Jaji aliamua kwamba uzembe wa polisi ulikuwa umewafungulia njia wanajisi, na akaiamuru idara yao ifanye uchunguzi wa kweli katika malalamiko ya watoto hao.

KADHI NA KURA YA 2010

Katika kampeni za kura ya maoni ya Agosti 2010, walioipinga katiba mpya walikuwa na hoja zao, nyingine nzito, nyingine za kupita njia. Lakini mojawapo, iliyosemwa na baadhi ya wanasiasa na baadhi ya viongozi wa makanisa, ilikuwa kwamba katiba hiyo inaleta mahakama za kadhi, na kwamba kadhi atawahukumu Wakristo, atakata watu mikono, na nchi itakuwa chini ya sheria ya Kiislamu. Watu wa pwani walisikiliza wakashangaa, kwani kadhi kwao si mgeni. Alikuwapo katika zama za Masultani wa Zanzibar, akabaki katika zama za Waingereza waliotawala ukanda wa maili kumi wa pwani, na ilipofika Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya na Waziri Mkuu wa Zanzibar waliandikiana hati ya kwamba ukanda huo ukiingia Kenya, ukadhi utahifadhiwa. Ukawamo katika katiba ya uhuru, na sheria yake ikatungwa 1967.

Na mipaka yake? Kifungu cha 170 cha Katiba kinasema kwamba kadhi atahukumu masuala ya sheria ya Kiislamu yanayohusu hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, na ni pale tu ambapo wote wawili wanaoshitakiana ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa naye. Mkristo hamo. Mwizi hamo. Mbakaji hamo vile vile, na hili la mwisho ndilo linalotuhusu, kwa sababu uzushi wa upande mmoja ulizaa uzushi wa upande wa pili: walipotokea wa kusema kwamba kadhi anahukumu kila kitu, walitokea pia miongoni mwa Waislamu, wazee na waheshimiwa, wa kumwambia mwanamke aliyepigwa na mumewe hata akavunjwa mkono kwamba jambo lake ni la kadhi tu, na akilipeleka polisi ameitoa dini nje ya nyumba.

Tulichukue jambo hili kwa karibu. Mwanamke anaingia mahakama ya kadhi akiwa na buibui lililokunjwa vizuri na karatasi ya ndoa ndani ya bahasha iliyochakaa. Analolitaka kwa kadhi ni fasakhi, yaani kuvunjiwa ndoa, maana mumewe hampi matumizi tangu mwaka jana na amempiga. Anataka pia mahari yake yaliyobaki, na matumizi ya watoto. Hayo yote ni ya kadhi kwa haki, na watu waliokaa katika mabaraza hayo wanajua kwamba wanawake wengi wamepata humo walichokinyimwa nyumbani. Lakini ule mkono uliovunjwa ni jinai, na jinai ni ya polisi na ya hakimu wa mahakama za kawaida, awe mume ni Mwislamu, Mkristo au asiye na dini. Milango hii miwili haipingani, na kuingia mmoja hakufungi wa pili. Fauka ya hayo, Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kumwomba hakimu amri ya ulinzi, hata kabla kesi yoyote ya jinai haijaanza, ili mume akatazwe kumkaribia au kumtisha. Na sheria hiyo inaliita hata tendo la kumlazimisha mke kitandani kuwa ni unyanyasaji.

SHERIA YA 2006 NA WANAUME WALIOOGOPA KUKONYEZA

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, ambaye baadaye alikuwa Jaji wa Mahakama ya Juu, na ilipata kibali cha Rais Julai 2006. Njia yake haikuwa nyepesi. Mbunge mmoja wa kiume alisimama Bungeni akasema, kwa kufupisha, kwamba mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa amekubali. Wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira, na wakati huo huo mitaani ukasambazwa uvumi kwamba mswada huo utamfunga mwanamume kwa kumkonyeza msichana, au kwa kumsifu, na kwamba uchumba utakuwa umekwisha Kenya nzima. Uchumba, kama msomaji anavyojua, haujaisha.

Kifungu cha 23 cha sheria hiyo, ambacho ndicho kilichovumishwa, hakimhusu kijana wa mtaani aliyempenda jirani yake. Kinamhusu mtu mwenye mamlaka au cheo cha umma anayeshikilia kumtaka mtu kwa namna ya kujamiiana, tena na tena, ilhali anajua au ana kila sababu ya kujua kwamba hatakiwi. Ni kifungu cha mkubwa wa kazi, mwalimu na afisa. Na ukiwatazama waliokuwa wakikivumisha, hapana ajabu kubwa kwamba walikiogopa. Uvumi huo, hata hivyo, haukwenda bure. Kifungu kilichokusudiwa kumlinda mke ndani ya ndoa kiliondolewa, na mahali pengine kikaingizwa kifungu cha 38, kilichosema kwamba mtu akimsingizia mwenziwe kosa la kujamiiana atapewa adhabu ile ile ambayo msingiziwa angeipata. Ukikisoma juu juu utadhani ni insafu. Walakini mwanamke ambaye kesi yake yaweza kuanguka kwa kukosa ushahidi, si kwa uongo, angeingiaje kituoni akijua kwamba huenda akafungwa yeye? Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012, na hata leo bado kuna vituo na mabaraza ya wazee ambako mlalamikaji hutishwa nacho. Atakayetishwa ajibu kwamba hakipo.

Liko jingine linalofanana na hilo. Mwezi Machi 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, katika hukumu moja, walitoa rai kwamba umefika wakati kwa taifa kuzungumza juu ya umri wa kuridhia, ambao ni miaka 18. Haukupita muda maneno yakawa kwamba mahakama imeushusha umri hadi 16. Haikuushusha. Rai ya jaji pembeni mwa hukumu haibadilishi sheria, na sheria ya kumlinda mtoto ingali pale pale: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha, wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20, wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kwa miaka kadhaa baadhi ya mahakama zilikuwa zikiteremsha vifungo hivi kwa kunasibisha na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2017 juu ya adhabu ya kifo, mpaka Mahakama ya Juu yenyewe, Julai 2024, ikasema kwamba viwango vya chini vilivyowekwa na Bunge ni halali. Anayesimama jukwaani leo akasema kwamba vifungo hivyo vilikwisha kutanguliwa, habari zake zimepitwa.

WAZEE WAKIKAA

Tunalifikia sasa jambo ambalo kwa hakika linawaumiza wanawake wengi kuliko yote tuliyoyataja, na ambalo wanasiasa wa kaunti nyingi hulizungumza kwa tahadhari, kwa sababu wazee ni kura. Katika Garissa, Wajir na Mandera huitwa maslaha. Huku pwani husemwa tu kwamba jambo limemalizwa nyumbani. Msichana amebakwa, wazee wa pande mbili wamekaa, baba amepokea fedha au mifugo, mashahidi wameambiwa wanyamaze, na siku kesi inapotajwa mahakamani hapana aliyekuja. Kisha atatokea mheshimiwa wa kusema kwamba Katiba yenyewe imeruhusu.

Amesema nusu ya aya. Ni kweli kwamba kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zikuze njia nyingine za kumaliza ugomvi, zikiwamo suluhu, upatanishi na desturi za jadi; lakini mstari unaofuata, ambao haupati kusomwa jukwaani, unasema kwamba desturi hizo zisitumiwe kwa namna inayokiuka haki za binadamu zilizomo katika Katiba, wala inayochukiza haki na maadili, wala inayopingana na sheria iliyoandikwa. Na sheria iliyoandikwa ipo: kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana kinasema kwamba uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa hilo ni wa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo chini ya Katiba ya 2010 imo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si uamuzi wa baba, si wa chifu, si wa mzee wa mtaa, si wa afisa wa kituo, na wala si wa mwanamke mwenyewe akilazimishwa kutia kidole cha gumba kwenye karatasi ya kusamehe. Mbuzi wanaweza kuwa wamekwisha kuliwa; kesi haijaisha.

Hatuwadharau wazee. Ugomvi wa mpaka wa shamba, deni, mke na mume waliokosana kwa maneno, ni mambo ambayo busara yao imeyaponya mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko wakili. Lakini katika baraza la ubakaji, mwenye kupozwa moyo ni baba, mwenye kufidiwa ni ukoo, na binti aliyeumizwa aghalabu hakuitwa hata kusema neno. Pengine amekwisha kuamuliwa aolewe na yule yule aliyemuumiza.

MWANAMKE AFANYE NINI

Kwanza hospitali, hata kabla ya polisi ikibidi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina muda wake pia, usiozidi siku tano. Matibabu ya aliyebakwa katika hospitali ya umma ni bure kwa mujibu wa sheria, na akiombwa fedha aombe aandikiwe ni za nini, maana mara nyingi swali hilo peke yake hutosha. Asioge kabla ya kupimwa, ijapokuwa moyo wake wote utamtaka aoge. Nguo alizokuwa nazo asizifue. Azitie katika mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki, kwa kuwa plastiki hushika unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, na nakala yake ni haki ya mwanamke.

Polisi ni hatua ya pili. Vituo vingi vina dawati la jinsia, na aweza kuomba asikilizwe na afisa mwanamke. Malalamiko yakishaandikwa katika kitabu cha matukio hupewa namba, inayoitwa namba ya OB, nayo ndiyo kamba ya kuishikia kesi nzima: bila hiyo, mwezi ujao ataambiwa hakuwahi kuja. Ataiandika pembeni, atampa na dada yake aitunze. Kisha atapewa fomu ya P3, ambayo sehemu yake ya mwanzo hujazwa na polisi na sehemu ya pili hujazwa na daktari au mhudumu wa afya aliyeidhinishwa, akieleza majeraha na jinsi anavyodhani yamepatikana. Fomu hii haiuzwi. Ikirudi imejazwa, aipige picha kwa simu kabla ya kumkabidhi mpelelezi.

Mahakamani ataona mambo ambayo hakuambiwa. Si lazima awe na shahidi wa pili aliyeona: Mahakama ya Rufaa ilikwisha kusema kwamba kumtaka mwanamke peke yake, katika makosa ya aina hii, alete ushahidi wa kumuunga mkono ni ubaguzi, na Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kutia hatiani kwa neno la aliyetendwa tu, akiridhika kwamba ni mkweli na akaandika sababu zake. Wakili wa mshtakiwa haruhusiwi kumhoji habari za wanaume wake wa zamani isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Anaweza kuomba pazia, au azungumze kupitia mtu wa kati, asimtazame mshtakiwa usoni. Na chini ya Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 anayo haki ya kuarifiwa na kusikilizwa kesi inapoendelea, si kuitwa siku ya ushahidi na kusahauliwa siku ya hukumu. Asiye na uwezo wa wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Simu ya bure 1195 hupokea habari za ukatili wa kijinsia, na 116 ni kwa habari za watoto.

Na akiambiwa kwamba faili limefungwa, au kwamba mheshimiwa fulani amesema jambo hili limekwisha, asibishane na aliyemwambia. Aandike barua, kwa mkono wake au wa mtu anayemwamini, yenye namba ya OB, jina la kituo na tarehe aliyokwenda; moja aipeleke ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ya kaunti yake, akiuliza kama ofisi hiyo ndiyo iliyoamua kusimamisha kesi na kwa sababu gani, na nyingine kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ikiwa lawama ni ya askari. Apeleke nakala mbili mbili, moja ibaki huko, na moja arudi nayo nyumbani ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa.